Kisukari Kikiingia Katika Ndoa



Katika Kitabu cha Tobiti mna ugomvi wa bwana na bibi ambao sisi wahubiri huuruka. Tunapenda zaidi habari za Tobia na Sara, kwa kuwa zinafaa kusomwa siku ya arusi. Lakini sura ya pili inaeleza ndoa iliyokwisha kukaa miaka mingi. Mzee Tobiti, mtu wa haki aliyezika maiti za ndugu zake, alilala karibu na ukuta wa ua wake, mavi ya ndege yakamwangukia machoni, naye akapofuka. Alikwenda kwa waganga, na kadiri walivyompaka dawa ndivyo macho yalivyozidi kuharibika. Miaka minne ikapita. Ana mkewe akawa anafuma nguo za watu ili apate ujira. Siku moja wenye kazi walimlipa, wakamwongezea na mwana-mbuzi. Mbuzi akalia uani. Tobiti, ambaye haoni, akauliza mbuzi huyo ametoka wapi, isije ikawa ni wa wizi. Ana akasema ni zawadi. Mume hakumwamini. Ndipo Ana alipomjibu kwa uchungu, akimwuliza sadaka zake na matendo yake mema yako wapi sasa. Sura inayofuata inaanza na mzee huyo akilia na kumwomba Mungu amwondoe duniani.

Angalieni vizuri. Hapo hakuna mlevi wala mzinzi. Ni watu wawili wema, ila ugonjwa usiokwisha umeketi katikati yao. Mmoja anaona aibu kwa kuwa halishi nyumba, mwingine amechoka, na sauti ya mbuzi inatosha kuwasha moto.

Hapa kwetu Machakos, mojawapo ya magonjwa ya namna hiyo ni kisukari. Zamani tulikiita ugonjwa wa matajiri wa mjini. Leo kwenye benchi ya kliniki mkulima huketi na mwalimu, na mama wa sokoni huketi na dereva wa matatu. Sukari ya damu ikipimwa asubuhi kabla ya kula ikafika 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikawa hivyo hivyo, daktari husema ni kisukari. Kuanzia hapo mtu huambiwa ale vingine, atembee, anywe vidonge, na mambo hayo si ya wiki mbili. Ni ya maisha.

Jinsi chakula kinavyofanya kazi, mtu wa Machakos anaweza kuelewa upesi kwa sababu ya mashamba yetu. Katika miaka ya 1930 wilaya hii ilijulikana kwa mmomonyoko wa udongo. Baadaye watu walichimba makinga maji, yale tunayoyaita fanya juu, wengi wao kwa vikundi vya mwethya, mlima baada ya mlima. Mvua haikubadilika. Kilichobadilika ni mwendo wa maji. Basi soda, mkate mweupe na chai ya vijiko vitatu vya sukari ni mvua kubwa juu ya mlima ulio wazi: sukari yote huteremka katika damu kwa mara moja. Mbaazi, ndengu, maharagwe, majani ya kunde, sukuma wiki, na isyo iliyopikwa na maganda yake, hayo ni makinga maji. Huizuia sukari ishuke polepole. Hata hivyo shamba lenye makinga maji nalo hufurika mvua ikizidi, kwa hiyo kiasi ni lazima kiangaliwe. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe mbaazi au maharagwe au nyama kidogo, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Ninajua robo hiyo ya ugali ndiyo inayoleta manung'uniko. Na embe, ambalo kwetu Disemba hujaa hadi njiani, si marufuku, lakini ni embe moja dogo, si ndoo.

Sasa tuje kwenye ndoa, maana yote hayo mnaambiwa pia na muuguzi.

Siku ile mbele ya padri mliahidiana uaminifu katika ugonjwa na katika afya. Labda mlifikiri ugonjwa huo ni ule wa kulala kitandani, mmoja akimshika mwingine mkono. Kumbe unaweza kuwa ugonjwa wa kuamka asubuhi, kuvaa, kwenda kazini na kurudi nyumbani kula, kwa miaka 30. Ahadi yenu basi inatimizwa hasa jikoni. Ninalotaka kuwaambia ni hili: katika nyumba ambayo mmoja ana kisukari, pakeni chakula kimoja. Chakula kinachomfaa mwenye kisukari ni chakula kizuri kwa kila mtu, na watoto wanaokua wanaweza kuongezewa ugali au kipande cha viazi vitamu kutoka sufuria ile ile. Msimpikie mgonjwa mboga zake za kuchemsha akalie pembeni huku wengine wanararua chapati mbele yake. Mtu anayekula peke yake kila jioni katika nyumba yake mwenyewe huanza kujiona mgeni, na mgeni huyo atatafuta kibanda cha kula mjini ambako hakuna anayemhurumia.

Kuna waliokosea kwa upande wa pili. Mke anageuka kuwa askari. Anahesabu vijiko, ananusa mdomo, anapekua mifuko ya koti akitafuta karatasi ya biskuti, kisha anamtangazia mgeni, "Huyu hapewi sukari, daktari amekataza." Mzee mzima anafanywa mtoto. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Kwa homa ya siku tatu ni sawa. Kwa ugonjwa wa miaka 30 lazima mgonjwa aulizwe uji, tena aulizwe kila wiki: unaona tuanzie wapi? Chai ya vijiko vitatu, mwezi huu tuishushe iwe viwili? Jumamosi tukipika chapati, tupike moja kwa kila mtu na kunde nyingi? Anayeulizwa hukubali mambo mengi ambayo anayeamriwa angeyakataa.

Mabwana, sehemu hii ni yenu. Mgonjwa akiwa baba, nyumba nzima hutikisika. Mgonjwa akiwa mama, mara nyingi hakuna kinachobadilika. Anapika vile vile kama zamani, anawagawia wote, kisha yeye anakula ukoko wa ugali uliobaki, saa tatu usiku, ilhali alikunywa vidonge saa kumi na mbili. Na karo ya shule ikifika, fedha zinazokatwa kwanza ni za dawa yake, tena anazikata mwenyewe bila kusema. Bwana, je, unajua dawa za mkeo zitaisha tarehe gani? Kama hujui, leo mwulize. Na wewe ambaye jioni huleta mkate mweupe na kilo mbili za sukari kama dalili ya upendo, leta mchicha na kilo ya ndengu. Tena si dhambi, wala si kinyume cha mila yoyote ya maana, mwanamume kuwasha jiko ili mkewe ale kwa wakati wake.

Tembeeni pamoja. Madaktari husema dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwendo wa haraka kidogo. Kwenye vilima vyetu vya Iveti dakika 30 si mchezo, lakini wapo wanaopanda bodaboda kwenda Misa kanisa likiwa ng'ambo ya mto tu. Mkitembea wawili mtapata na nafasi ya kuongea ambayo nyumbani watoto hawawapi.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo nako pana jambo la kurekebisha. Mwenye nyumba anatia sukari yote ndani ya birika, kwa ukarimu, na mgonjwa anashindwa kukataa. Chai ije bila sukari, na sukari iwekwe kando katika bakuli. Hilo tu litawaokoa wengi bila mtu yeyote kutajwa ugonjwa wake.

Hasira ya ghafla mjifunze kuitambua. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi, chini ya 4, hasa akichelewa kula au akilima sana. Atatoka jasho, atatetemeka, moyo utamwenda mbio, ataongea ovyo kama mlevi, na pengine atakutukana. Usimjibu kama Ana alivyomjibu Tobiti. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, ngojeni dakika 15, mpimeni tena kama mnayo mashine. Kama bado, mrudieni. Akipata nafuu ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitalini. Maneno aliyokutupia wakati ule usiyaweke moyoni.

Lipo jambo lingine ambalo watu hunong'ona tu. Kisukari kisipotunzwa huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na mwanamume anaweza kushindwa tendo la ndoa. Yeye huona haya, hujitenga, hulala akiangalia ukuta. Mke anafikiri ana mwanamke mwingine. Ndoa inavunjika kwa dhambi ambayo haikutendeka. Mwanamke naye mwenye kisukari anaweza kupata maumivu au kupoteza hamu, na mume akadhani amechukiwa. Semezaneni kabla hamjashtakiana, kisha mwendeni daktari, wote wawili. Mara nyingi kuna msaada. Jihadharini na mizizi na vidonge vya kuuziwa kando ya barabara, maana baadhi yake huwa hatari kwa mwenye presha au ugonjwa wa moyo. Na hata pale ambapo nguvu haikurudi yote, kushikana na kulala pamoja kwa upole ni mali ya ndoa yenu. Ugonjwa usiichukue.

Na sala je? Tuombe, tena sana. Malaika aliyetumwa kwa Tobiti ni Rafaeli, na jina lake lina maana ya Mungu huponya. Lakini tazameni Rafaeli alifanya nini: alimwelekeza kijana atwae nyongo ya samaki ampake baba yake machoni. Yoshua bin Sira naye, katika sura ya 38, anataka tusali, na tena tumpe daktari nafasi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba. Hadi mwaka wa 1922, insulini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa huko Toronto, Kanada, mtoto mwenye kisukari kikali hakuwa na la kutazamia ila kifo. Mimi sioni haya kumshukuru Mungu kwa chupa ile ndogo. Anayewaambia mtupe dawa kwa sababu mmeombewa, mwulizeni kama atakuja kuwauguza. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa nayo si ya wanaokata roho peke yao. Mwenye ugonjwa mzito anaweza kumwomba paroko. Tena kanisa letu kuu la Machakos limewekwa chini ya Bikira Maria wa Lurdi, ambaye sikukuu yake, tarehe 11 Februari, Papa Yohane Paulo wa Pili aliifanya Siku ya Wagonjwa Duniani. Ilianza kuadhimishwa mwaka wa 1993.

Kuhusu Kwaresima, wapo wagonjwa wanaofunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa siri, halafu wanaanguka kanisani. Kanisa halimtaki mgonjwa ajidhuru. Mwambieni paroko, naye atawapa toba nyingine. Kwa anayependa vitamu, kuacha soda siku zote 40 ni toba kweli. Vilevile ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haimfungi mgonjwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inawataja wazee na wagonjwa, na pamoja nao wale wanaowatunza. Mama umechelewa kwa sababu ulikuwa ukimhudumia mumeo, ukala naye upesi mlangoni? Njoo upokee.

Mwisho nawaomba jambo moja la jioni. Alhamisi Kuu padri huosha miguu ya watu kumi na wawili, nasi hutazama tu. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia miguuni. Msumari unamchoma, kiatu kinamla, naye hajui, na kidonda kidogo kinaishia kukatwa mguu. Nyayo zake hawezi kuziona vizuri mwenyewe, lakini wewe unaweza. Leta karai la maji ya uvuguvugu, uyapime kwanza kwa kiwiko chako, kwa maana yeye hatasikia yakimwunguza. Mwoshe, mkaushe vizuri katikati ya vidole, kisha lete taa uangalie chini ya nyayo. Ukiona lengelenge, mpasuko au sehemu iliyobadilika rangi, usikate kwa wembe wala usipake majivu. Kesho asubuhi mpelekeni kliniki, na mwende wote wawili.