Orodha ya Mwenye Mzigo

Mwalimu akipata barua ya uhamisho kutoka Mpale, huku milimani, kwenda Handeni, siku chache zinazofuata huwa hazina utulivu. Anatafuta gari, anauza kuku, anamaliza deni dukani, anaaga majirani. Kisha asubuhi moja watu asiowajua wanaingia chumbani kwake na kubeba kitanda, tivii, jiko la gesi na sanduku ambalo hata shemeji zake hawajawahi kuliona likifunguliwa. Biashara ya kuhamisha watu imesimama juu ya saa hiyo.

Mpwa wangu anaifanya biashara hiyo Korogwe mjini. Ana Fuso moja na Canter mbili, na sasa anatafuta mfumo wa kompyuta wa kuiendesha. Wauzaji hawamwachi apumue. Kila mmoja ana mfumo unaopanga safari, kukokotoa bei, kufuatilia dizeli na kuonyesha faida ya mwezi kwa michoro ya rangi. Hayo yote yana kazi yake, na risiti za TRA lazima zitoke vizuri. Lakini aliponiuliza, "Mjomba, nichukue upi?" nilimwambia aanze na swali jingine: siku kitu kikipotea au kikivunjika, mfumo huu utamsaidia nani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walimfikiria mtu anayeandika mali yake mwenyewe. Mhamishaji ana mtihani mgumu zaidi, kwa sababu daftari ni lake na mali ni ya mwingine. Orodha ikikaa ofisini kwake peke yake, siku ya ugomvi yeye ndiye shahidi na yeye ndiye hakimu.

Ukanda huu una uzoefu mrefu wa kubeba mali za watu. Misafara ya karne ya 19 ilipita bonde la mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, na Semboja wa ukoo wa Wakilindi aliweka makao yake Mazinde ili aishike njia hiyo. Mizigo ya wapagazi ilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Baadaye Wajerumani wakaja na reli, wakaanza kuijenga Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Mombo mwaka 1905. Na Juni 2022, familia za kwanza kutoka Ngorongoro zililetwa Msomera, wilayani Handeni, pamoja na mifugo yao. Mjadala wa uhamisho ule ni mzito na safu hii haiwezi kuumaliza. Mimi nilikuwa nafikiria orodha tu. Familia iliyosafirishwa mamia ya kilomita haiwezi kurudi jioni kuchukua kilichosahaulika. Kisichoandikwa siku ya kupakia, mwenye nacho anabaki na neno lake tu.

Nilimwomba mpwa wangu anionyeshe kaunta buku anayotumia sasa. Ukurasa mmoja umeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Kitanda 5 kwa 6, kimefunguliwa, bolti 8 ziko kwenye soksi. Kioo cha kabati kina ufa tangu zamani, mama ameonyeshwa. Sufuria 11, moja haina mfuniko." Chini kuna saini mbili, ya utingo na ya mwenye mzigo.

Mstari ule wa kioo umenigusa kuliko michoro yote ya wauzaji. Ufa umeandikwa kabla gari halijawaka, mbele ya mwenye kabati. Mama hawezi kuwadai vijana kwa ufa ule, na vijana hawawezi kuleta ufa mpya wakausingizia ule wa zamani. Aliyeuandika hakusoma kitabu chochote cha uongozi wa biashara. Alijua tu kwamba watu wawili watauhitaji mstari huo, akauandika kwa haki ya wote wawili.

Kwa hiyo mfumo ninaoutaka mimi ni ule utakaoweza kuandika ufa. Uandike kwa Kiswahili, uchukue picha, na nakala ifike kwenye simu ya mwenye mzigo pale pale mlangoni. Asiye na simu janja apewe karatasi. Ufanye kazi hata pasipo na mtandao, kwa maana huku milimani mtandao una siku zake. Na mtu akigusa mstari wowote baada ya saini, ionekane ni nani na saa ngapi. Muuzaji mmoja alijisifu kwamba kwenye mfumo wake bosi anaweza kurekebisha chochote wakati wowote. Nilimwambia mpwa wangu amuage muuzaji huyo kwa heshima.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawakuligusa kabisa. Anayekuhamisha anajua nyumba yako itakuwa tupu lini, unahamia wapi, na tivii yako ni ya inchi ngapi. Hiyo ni amana, na ikiangukia mikononi mwa mwizi inamtosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ningependa mpwa wangu afuate sheria hiyo, lakini ningependa zaidi orodha za wateja zisionwe na kila kibarua mwenye simu, na zifutwe muda wa madai ukishapita. Mteja hakumkaribisha chumbani milele.

Sasa imebaki mifumo miwili. Nimemsihi asilipie hata mmoja mpaka utingo wake aujaribu kwenye mzigo halisi huko Mpale, mvua ikinyesha, mwenye nyumba akimtajia vitu vyake kimoja kimoja. Utingo akishindwa kuandika kwa kasi ya anayemtajia, kaunta buku iendelee na kazi.