Tusiisingizie Kadari



Bodaboda akifa hapa Mpanda au kwenye barabara ya Sitalike, msibani husikika neno lilelile: ajali haina kinga, Mungu kapanga. Kuamini kadari ni nguzo ya imani yetu, na hakuna anayeondoka kabla ya siku yake. Lakini Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia tauni imeingia huko, aliwarudisha watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Basi kupunguza mwendo nako kumo ndani ya kadari.

Tazameni tena Suratun-Nisaa, aya ya 92. Aliyemuua Muumini kwa kukosea, bila kukusudia, ana diya kwa warithi, wasiposamehe, na ana kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Kama kusema "bahati mbaya" kungetosha, kafara ingekuwa ya nini? Kijana aliyempakia mama na mtoto mshikaki, akalipita lori ndani ya vumbi asione mbele, abiria akafa, huyo ana deni kwa Mola wake hata kama polisi wamemwachia. Nani kati yetu amewahi kumwambia? Tunampa pole, basi.

Na kinga ipo, tumeining'iniza kwenye usukani! Helmeti iliyofungwa mkanda kidevuni huokoa kichwa; isiyofungwa huruka kabla yako. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne, na kwenye changarawe hali ni mbaya zaidi.

Nanyi matajiri wenye pikipiki, mnamkaba kijana kwa hesabu ya jioni huku tairi ni kipara. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa. Abiria nasi tunasema "kimbiza, nimechelewa", hata tukienda Ijumaa, ilhali tumeamrishwa kuiendea swala kwa utulivu.

Nawaombeni vijana wetu: leo mkitoka msikitini, kabla ya kupiga kiki, fungeni mkanda wa helmeti, mpeni abiria ya kwake, na abiria wa pili mkataeni, hata akiongeza nauli.