Upara wa Tumbusi

Wasomaji wetu wa pwani wapitao Isiolo, kwa biashara au kwa kuzuru jamaa, huwaona ndege wakubwa wakizunguka juu ya nyika, khasa upande wa Buffalo Springs na Shaba. Hao ni tumbusi. Mwili wao umejaa manyoya, lakini kichwa na shingo zao aghalabu ni ngozi tupu. Wengi wetu huwatazama kwa karaha na kuuhesabu upara ule kuwa ni aibu ya umbo. Nasi twauliza: je, karaha ya macho ni hoja?

Jawabu lililozoeleka kuhusu upara huo ni la usafi. Tumbusi hutia kichwa ndani ya mzoga, na lau angalikuwa na manyoya mengi kichwani, yangalishika damu na uvundo mahali ambapo mdomo wake haufiki. Jawabu hili hatulikanushi, ila halitoshi peke yake. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow walieleza kwamba tumbusi wa Ulaya, jamaa wa karibu wa hawa wetu, aweza kwa kujikunyata tu kuipunguza ngozi iliyo wazi kutoka asilimia 32 ya mwili wake hata asilimia 7. Kwa njia hiyo huutoa joto au huuzuia usitoke. Ndege atuaye penye jua la Isiolo, kisha akapaa kwenye baridi ya juu, ana haja kubwa ya jambo hilo.

Basi ikiwa kitu tulichokidharau kina manufaa mawili, na la pili limebainishwa juzi tu, yatupasa tusiwe wepesi wa kuhukumu.

Wala hukumu hiyo haiishii machoni. Mfugaji aliyeuliwa ng'ombe na simba huenda akatia sumu katika mzoga ili alipize kisasi. Hasara yake ni ya kweli, nasi hatuidharau. Lakini tumbusi hula kwa makundi, na mzoga mmoja wenye sumu waweza kuua makumi yao. Tumbusi wa mgongo mweupe na tumbusi wa Rüppell, ambao wote hupatikana katika nyika hizo, waliingizwa mwaka 2015 katika daraja la viumbe walio ukingoni mwa kutoweka. Na utafiti uliofanywa Laikipia, jirani ya Isiolo, ukatolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba pasipo tumbusi mzoga hukawia kuisha karibu mara tatu, na wanyama wengine huzidi kukusanyika hapo na kukutana, wakaweza kuambukizana maradhi.

Huenda mtu akasema: ndege mbaya kama yule, nani atamlilia? Hili ndilo kosa lile lile tulilomfanyia topasi katika miji yetu. Alituondolea uchafu wetu usiku, na asubuhi tukamwepuka njiani, kana kwamba uchafu ule ulikuwa wake.

Haki ina pande mbili. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yampa mfugaji njia ya kudai fidia. Basi fidia hiyo na imfikie upesi, asije akaona kwamba hana jingine ila sumu. Na sisi tulio mbali tuache kuipima thamani ya kiumbe kwa sura yake, tuitazame kazi aifanyayo.