Ruzuku Hailishi Mtambo

Ukisikia kuna ruzuku, hesabu kwanza ng'ombe wako ndipo ujaze fomu. Nayaandika haya kwa ajili ya familia moja ya huku Bahati, Nakuru, ambayo mtambo wake wa biogesi umebaki kuba la saruji lililoota nyasi.

Biogesi yenyewe, gesi ya kupikia itokanayo na samadi, haina ubaya. Mpango wa kitaifa wa biogesi ya nyumbani ulioanza mwaka 2009, ukisimamiwa na shirikisho la wakulima, KENFAP, kwa fedha za Uholanzi, mwanzoni ulimpunguzia aliyejenga shilingi 25,000. Kufikia mwisho wa 2013 ilikuwa imejengwa mitambo zaidi ya 11,000 nchini Kenya, na akina mama wengi wakaepukana na moshi.

Familia niliyoitaja ilivutwa na ruzuku iliyokuja kama mkopo wenye punguzo uliotangazwa na chama chao cha maziwa. Ni nani kati yetu asingevutika? Lakini dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Mtambo wa mita 8 za ujazo huhitaji samadi ya ng'ombe wawili au watatu wanaoshinda zizini. Wao walikuwa na wawili, na mmoja alishinda akichungwa kando ya barabara. Samadi yake iliishia huko huko. Kila ndoo ya samadi huchanganywa na ndoo ya maji, nayo maji waliyanunua kwa mwenye punda, mtungi baada ya mtungi. Fundi alipoulizwa kuhusu maji alijibu, "Mvua si itanyesha?" Kisha akafukia kuba kabla ya kulijaribu kama linavuja, akadai malipo yake yote siku hiyo hiyo.

Mwanzoni moto uliwaka wa buluu. Baada ya miezi kadhaa ukawa unafifia kabla chai haijachemka. Wakasingizia baridi. Kweli, baridi ya huku juu hupunguza gesi, ila haiimalizi. Kiangazi kilipofika, mtambo ukakosa maji, tope likaganda juu na gesi ikakatika. Pesa ya maziwa iliendelea kukatwa kila mwisho wa mwezi kulipa mkopo, na kuni zikarudi jikoni.

Tujihadhari, mimi na wewe, maana punguzo humfanya mtu aogope kupitwa na bahati, akaacha kuuliza. Ruzuku husaidia kujenga. Kulisha mtambo kila siku ni juu yako. Pima samadi ya zizini kwa ndoo wiki nzima. Jua maji ya Januari na Februari yatatoka wapi. Mwombe fundi akupeleke kwa mteja aliyemjengea zamani, uwashe jiko kwa mkono wako. Sehemu ya malipo yake ibaki nawe mpaka chakula kiive kwa gesi hiyo.

Na kama una ng'ombe mmoja, nunua jiko la kisasa linalotumia kuni chache. Mkopo wa mtambo usubiri mpaka zizi lijae.