Jongoo wa Bamburi



Tulipokuwa safarini Mombasa tulifika Bamburi, mahali paitwapo Haller Park. Leo njia zapita chini ya miti, na wapendao ndege husimama kimya kandokando ya mabwawa, darubini mkononi, wakiwatazama korongo na mdiria. Lakini zamani palikuwa shimo tupu. Tangu mwaka 1954 kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe, hata kikakaribia maji ya chumvi yaliyo chini, udongo haukubaki. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba aliyetoka Uswisi, alijaribu kupanda miti ya namna 26 katika weupe ule. Zikapona namna 3 tu, mojawapo mvinje.

Hata mvinje ulipokua, shida haikwisha. Majani yake makavu yalianguka yakakaa vivyo hivyo, kwa kuwa ni magumu. Napo pasipooza kitu hapaoti kitu. Ndipo alipoonekana jongoo akiyatafuna. Jongoo! Mdudu tunayemfagia mlangoni! Wakaletwa kwa mamia, wakala, wakatoa mavi (tusione haya kulitaja neno hili), na katika hayo udongo mweusi ukaanza. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa mlango waje kutembea.

Hapo tulichomwa moyo. Mwaka jana, katika baraza la wazee, tulilikata jina la mlevi mmoja aliyetubu mara tatu na kuanguka mara tatu. Tulisema, Hapa hapaoti kitu. Ninyi walimu mtunzao vitabu vya majina, mwajua jinsi kalamu ilivyo nyepesi siku kama ile. Lakini mjane mmoja, asiyejua kusoma wala hana kiti barazani, aliendelea kumpelekea uji kila Jumamosi na kuketi naye. Hatukumshukuru, wengine wetu tulimcheka.

Katika Isaya sura ya 41 Bwana aahidi miti jangwani. Hasemi kwamba kwanza atauliza shauri la wazee, wala hasemi ni kiumbe gani atakayemtuma kuutengeneza udongo. Sisi twaipenda ile miti; ule uozo hatuupendi, wala kungoja kwake.

Tuliporudi tulikwenda nyumbani kwa mtu yule, siku ya Jumamosi. Mjane alikuwa amekwisha kufika. Alitutazama kidogo, kisha akatusogezea kigoda.