Anayeugua kwa Nyakati

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu aliyepatwa na maradhi ya akili, na mawili katika hayo yastahili kutazamwa kwanza. "Wazimu" ni neno lililofungamana na mzimu. "Majununi" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni moja na ya jini. Yote mawili yanasema kwamba kuna kitu kilichomjia mtu kutoka nje; na kilichokuja chaweza kuondoka. Waliotumia maneno hayo hawakuwa na dawa nyingi, na mengi waliyowatendea wagonjwa yalikuwa ya kuumiza. Lakini katika lugha yao walimwachia mtu nafasi ya kuwapo, mzima, nyuma ya hicho kilichompanda. Neno "kichaa" halina nafasi hiyo. Fulani ni kichaa, basi, kama vile mwengine alivyo mrefu.

Mafakihi nao waliliona jambo hili kwa macho makali zaidi. Katika vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa pwani yote hii, mwenye wazimu wa moja kwa moja ametenganishwa na yule ambaye wazimu wake humjia ukamwacha. Huyu wa pili, zinapomrejea fahamu zake, akiuza ameuza na akinunua amenunua. Mkataba wake ni mkataba. Na hadithi mashuhuri ya Mtume inayowataja watu watatu walioondolewa kalamu, yaani aliyelala, mtoto na mwenye wazimu, inampa kila mmoja wao mpaka: mpaka aamke, mpaka abaleghe, mpaka akili irejee. Kalamu huondolewa kwa muda. Fikra hii haiwagawi watu, inazigawa siku.

Je, ajira za leo zinagawa siku au zinagawa watu?

Ikinga ni kata ya wilaya ya Ileje, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Msomaji wa visiwani apate taswira yake: ni nchi ya milima, ya kahawa na mahindi, katika wilaya inayopakana na Malawi. Kijana wa huko akitaka mshahara, aghalabu hushuka Tunduma, mji wa mpaka wa Zambia, ambako hupita barabara kuu na reli ya TAZARA. Huko kuna kupakia na kupakua, kuna maduka, kuna nyumba za wageni zinazohitaji mtu wa kukesha mlangoni, na kuna ofisi za mawakala wa forodha zinazohitaji vijana wa kuandika na kukimbiza karatasi.

Na tuseme kijana mmoja amepata kazi katika ofisi kama hiyo. Ana miaka ishirini na miwili. Maradhi mengi ya akili huanza kabla ya miaka ishirini na mitano, na hivyo humkuta mtu katika umri ule ule wa ajira ya kwanza, wakati hajajijengea jina la kumtetea. Kijana huyu ana maradhi yanayompandisha na kumshusha: miezi tisa au kumi yuko sawa, kisha huja wiki ambazo halali, anasema haraka kuliko wanaomsikiliza, anaahidi asiyoyaweza, na baada yake wiki ambazo hata kuvaa kiatu ni safari. Kukesha ndiko kunakomwasha, na malori ya mpakani hayajui usiku.

Angebaki Ikinga, shamba la kahawa lingemsubiri. Akilala wiki mbili, ndugu zake wangepalilia, na yeye angefidia wakati wa kuchuma. Si kwamba kijijini kuna huruma zaidi. Wako vijijini waliofungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba na watu waliowazaa. Ila kazi ya shamba imejengwa juu ya msimu, na msimu una nafasi ndani yake. Saa ya ofisi haina.

Hapa lazima litajwe Azimio la Arusha, kwa kuwa ndilo lililowafunza Watanzania wa vizazi viwili kuihesabu kazi kuwa kipimo cha utu. Tangazo hilo la mwaka 1967 liliwataja wachache tu wenye haki ya kuishi kwa jasho la wengine: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao dola kwa wakati fulani haiwezi kuwapatia kazi. Waliosalia wote wafanye kazi. Ni maneno ya haki, na hakuna sababu ya kuyadhihaki leo. Lakini tazama neno "wakati" lilipowekwa. Dola imeruhusiwa kushindwa kwa muda. Mtu hakuruhusiwa: ama anaweza, ama ni kilema. Kijana wa miezi kumi kwa miwili hana mstari wake.

Sheria zilizofuata zimeyarithi yote mawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hapa sheria imegawa siku, kama mafakihi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia tatu, na maana yake ya ulemavu inagusa akili pia. Hapa sheria imegawa watu: anayetaka kinga hii sharti kwanza akubali kuandikwa. Na ofisi ya watu wanne haimo katika hesabu hiyo kabisa. Wala aliye na chini ya miezi sita kazini hana likizo hiyo, na hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Kijana wetu yuko katika mwezi wa nne.

Mara moja kwa mwezi anatakiwa kliniki. Atasema nini? Wengi husema wanakwenda msibani. Shangazi mmoja huzikwa mara tatu kwa mwaka, na mwajiri, ambaye si mjinga, huanza kumwona kijana kuwa mwongo, jambo ambalo kazini ni baya kuliko ugonjwa. Akileta cheti, muhuri wa kliniki utasema ambalo yeye hakulisema. Bara, jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma, limegeuzwa tusi. Unguja ni Kidongo Chekundu. Mtu hutajiwa mahali pa kutibiwa kama anayetajiwa kosa.

Wako wanaosema kuficha ni kudanganya: mwajiri amenunua siku za mtu, na ana haki ya kujua siku ngapi hazitapatikana. Hoja hii ina uzito, na mahali pengine haipingiki. Anayetaka kuendesha lori la mafuta au kuingia katika shimo la makaa hana haki ya kunyamazia jambo linaloweza kuua wenziwe. Lakini kwa karatasi za forodha, hoja inadai ukweli kutoka upande mmoja tu. Waswahili wana neno sitara, nalo si sawa na siri. Siri huwekwa na mwenye nayo. Sitara hutolewa na mwengine, aliyeona akafunika. Anayedai kuambiwa ukweli anaomba kukabidhiwa amana, na kabla ya kuuliza kama kijana ni mkweli inafaa kuulizwa kama mwajiri ni mwaminifu. Kama jibu lake kwa habari hiyo ni kumwachisha, basi hakuwa anaomba ukweli. Alikuwa anatafuta sababu. Katika hali hiyo kijana anayenyamaza hadanganyi. Anajifunika kwa mkono wake mwenyewe kwa kukosa wa kumfunika, na ubaya wa hali hii ni kuwa mkono huo huo ndio angeunyosha kuomba msaada. Asiyeambiwa hawezi kumwondoa kwenye zamu ya usiku.

Kuna jibu jingine linalopendwa, la kwamba wagonjwa wapewe kazi za mahali pao. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikawa nyumba ya wagonjwa wa akili. Kazi za mikono ni sehemu ya tiba huko. Mwaka 1954, kule Aro karibu na Abeokuta, daktari wa Nigeria Thomas Adeoye Lambo aliwapangishia wagonjwa vyumba katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, wakatibiwa huku wakilima. Haya ni mambo makubwa, na Lambo khasa aliwaonyesha madaktari wa dunia kuwa mtu hupona vizuri zaidi akiwa miongoni mwa watu. Hata hivyo kazi ya tiba hufanywa kwa ajili ya mgonjwa, na ajira hufanywa kwa ajili ya anayeihitaji kazi ile. Katika ajira mtu husubiriwa. Asipofika, karatasi hazisongi na lori linabaki foleni. Kijana aliyeshuka kutoka Ikinga alikuja kutafuta hilo pamoja na mshahara, na hakuna bustani ya hospitali itakayompa.

Tuseme basi kwamba mwajiri wake si mbaya. Kijana ameugua, amelala wiki tatu, ametibiwa, amerudi. Hakufukuzwa. Anasalimiwa kwa sauti ya chini, kama aliyefiwa. Karatasi anapewa, ila baada yake mtu mwengine huzipitia, jambo ambalo zamani halikuwapo. Na ufunguo wa kasha la fedha, aliokuwa akikaa nao tangu mwezi wa pili, uko katika mfuko wa mwenzake. Hakuna aliyeeleza, naye hakuuliza. Kwa hukumu ya mafakihi wale, mtu huyu leo akiuza nyumba yake mauzo yanasihi, na shahada zake zote zimo kichwani. Ofisini anahesabiwa bado anaumwa, na hakuna aliyemtajia siku ambayo hesabu hiyo itakwisha.