Ishara Inaweza Kumkatalia Msomaji

Je, maana tunaiumba au tunaikuta? Wapo wanaoshikilia kwamba alama ni mchoro mtupu mpaka msomaji aipe maana, na kwa hiyo hakuna usomaji ulio sahihi kuliko mwingine. Mimi naona maana huanza kwa kukisia, lakini haitimii mpaka ishara yenyewe ipewe nafasi ya kumkatalia msomaji. Ushahidi wangu ni vibao vya udongo vya kisiwa cha Krete.

Mwanaakiolojia Arthur Evans alianza kuvifukua Knossos mwaka 1900, na kwa nusu karne mwandiko wa vibao hivyo, uitwao Linear B, haukusomeka. Alice Kober, mwalimu wa chuo huko Brooklyn, alikataa kukisia lugha ya vibao hivyo. Alinakili alama kwenye kadi kwa maelfu, akifuatilia ipi huandamana na ipi na wapi mwisho wa neno hubadilika. Alifariki mwaka 1950 bila kusoma hata neno moja, ila njia alikuwa ameshaifyeka. Michael Ventris, msanifu majengo, aliamini tangu ujana wake kwamba lugha ile ina undugu na Kietruski. Akakisia kwamba maneno fulani ni majina ya miji ya Krete, akazipa alama sauti kwa kufuata kisio hilo, na kilichojitokeza kikawa Kigiriki cha kale. Hakukitarajia, wala mwanzoni hakukipa uzito. Alitangaza matokeo redioni mwaka 1952. Mwaka uliofuata mwanaakiolojia Carl Blegen alimletea nakala ya kibao cha Pylos, kwenye bara la Ugiriki, ambacho Ventris hakuwa amekiona alipopanga sauti zake. Kando ya picha ya chombo cha miguu mitatu alama zilisomeka «tiripode», yaani miguu mitatu kwa Kigiriki. Na palipochorwa vyombo vyenye masikio manne, matatu, au visivyo na sikio, maneno yalikubaliana na picha.

Mtu atasema: hata Athanasius Kircher, padri Mjesuiti wa karne ya 17, aliamini amezisoma alama za Misri. Ni kweli, na jina tu la mfalme alilifasiri kuwa sentensi nzima juu ya mungu Osiri. Lakini usomaji wake haukuacha mlango wa kukosolewa, kwa kuwa alama yoyote ingeweza kubeba fumbo lolote alilolitaka. Ndiyo hali ya sahani ya Phaistos, ya udongo yenye alama, iliyopatikana Krete mwaka 1908: wafasiri wake ni wengi, na hakuna maandishi mengine ya kuwahukumu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba sauti na alama huunganishwa kwa makubaliano ya watu tu. Sikatai. Ila makubaliano hayo ni ya jamii, si yangu; makarani wa Pylos walishapatana zaidi ya miaka elfu tatu kabla sijazaliwa, nami sina kura.

Labda orodha ya vyombo ni jambo jepesi kuliko maandiko matakatifu, ambayo kina chake hakiishi. Hata hivyo mufasiri wa Kurani hulazimika kupima neno kwa matumizi yake kwingine katika Kitabu, kwa Kiarabu cha wakati ule, na kwa sababu za kushuka aya. Kina hakimpi ruhusa ya kusema chochote. Basi kila anayetuambia kwamba amefunuliwa maana ya andiko au ya tukio, tumwulize kwanza: ni jambo gani, likionekana, litakufanya ukiri kwamba umekosea? Asiyekuwa na jibu tusimfuate.